Hati ya Baba na Ukurasa Niliouruka

Baba yangu hakukopa hata siku moja maishani mwake, na alikufa na notisi ya mnada wa nyumba yake ikiwa ndani ya droo ya cherehani. Nikiwaeleza hivyo watu wasio wa kwetu, hunitazama kana kwamba nimekosea hesabu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, darasa la tano na la sita, nafundisha Pande huko Kilwa. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi na jibu ni lilelile.

Nyumba yenyewe ilikuwa Lindi mjini, mtaa wa mteremkoni, ambako ukitoka nje unaona paa la jirani wa chini kabla hujaiona bahari. Baba alikuwa fundi cherehani wa barazani. Kanzu za Idi ziligeuka saruji, sare za shule za Januari ziligeuka mabati, na suruali za watu waliokonda au kunenepa ziligeuka misumari. Alijenga kwa miaka kumi na saba. Nilizaliwa nyumba ikiwa na chumba kimoja tu chenye paa, na sebule ilipata mlango mwaka niliokwenda sekondari. Ndiyo maana aliipenda kuliko mtu anavyopaswa kupenda tofali. Mama alizoea kumtania kwamba ameolewa na fundi akajikuta mke wa pili, mke mkubwa ni nyumba.

Riba baba aliiogopa mno. Dukani hakuchukua hata kiberiti cha kulipa kesho. Maafisa mikopo walipoanza kupita mitaani na mashati yao yaliyopigwa pasi, aliwapa kiti, akawapa maji ya kunywa, mmoja akamshonea hata kifungo kilichochomoka, kisha akawaambia, "Wanangu, mimi na riba hatujuani, na sitaki mtu wa kutujulisha." Wakacheka, wakaenda kwa jirani. Jirani naye akasema hivyohivyo. Watu wengi wa mtaa wetu walikuwa wa namna hiyo, na ungedhani mtaa kama huo hauwezi kupatwa na balaa la mikopo ya nyumba. Mimi nilidhani hivyo.

Kisha zikaja habari za kiwanda.

Kiwanda cha nini hasa, kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema gesi, wengine saruji, na fundi baiskeli wa pale kona alisema vyote viwili. Kilichojulikana ni kwamba kitajengwa nje kidogo ya mji, watakuja wageni wengi wenye mishahara, na wageni hao watahitaji mahali pa kulala. "Watalala wapi?" Swali hilo lilizunguka mji mzima. Liliulizwa sokoni, liliulizwa hata msibani watu wakisubiri maiti itolewe. Viwanja vilivyokuwa vya kufungia mbuzi vikapanda bei, vikapanda tena kabla muuzaji wa kwanza hajamaliza kujuta. Vijana waliokuwa wakiuza ndizi wakawa madalali, kila mmoja na simu mbili. Wenye nyumba za urithi wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, maana ndugu mmoja angeweza kwenda kunywa chai na dalali akarudi ameuza nyumba ya ukoo.

Lazima niseme ukweli, hata mimi nilifurahi. Nikija likizo nilipita mitaani nikipiga hesabu nyumba ya baba imepanda mara ngapi. Haikuwa imeongezeka hata dirisha. Bati lilikuwa lilelile lenye kutu upande wa jikoni, na choo kilikuwa kilekile cha kwenda na ndoo. Lakini nilijiona mtoto wa tajiri, nikanunua viatu ambavyo hadi leo vinanibana.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa korosho Milola. Mtu wa kicheko kikubwa, akiingia mlango wa mbele kuku wa uani wanajua. Mama ni Mmwera, na kwa Wamwera mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake kuliko watu wa pwani wanavyopenda kukubali. Baba alipougua nikiwa kidato cha pili, na cherehani ikanyamaza karibu miaka miwili, ada yangu ilitoka kwenye korosho za mjomba. Hakuidai wala hakuitaja. Aliileta ikiwa imefungwa kwenye leso, akala, akarudi kwake.

Sasa mjomba akauza sehemu ya mikorosho, akanunua kiwanja njia ya huko kitakakokuwa kiwanda. Kiwanja hakikuwa kimepimwa. Alikuwa na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, basi. Akapanga kujenga vyumba vinane, kila kimoja na choo chake ndani, chini marumaru, juu dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Pesa za kujengea hakuwa nazo. Benki ilikuwa nazo, ila benki haikubali karatasi ya mtaa, inataka hati. Na katika ukoo wetu mzima mwenye hati alikuwa mmoja tu, yule asiyejuana na riba.

Walizungumza barazani, Ijumaa baada ya swala, nami nilikuwapo nikimenya machungwa.

"Shemeji, sikwambii ukope," mjomba alisema. "Mimi ndiye ninayekopa. Dhambi yake iko hapa shingoni kwangu. Wewe unanisaidia hati tu. Inakaa kule, nikimaliza marejesho inarudi."

"Inakaa tu?" baba akauliza.

"Inakaa tu. Kama mtu anavyomwachia mwenzake mzigo stendi."

Baba aliendelea kukanyaga cherehani. Mjomba akamgeukia mama, wakahamia Kimwera, lugha ambayo baba aliishi nayo ndani kwa miaka thelathini bila kuielewa. Mama alijibu kwa ufupi akitazama vidole vya miguu yake. Baba akataka kujua wanasema nini.

"Ananikumbusha ada ya mtoto," mama akasema.

Baba akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu aliyokuwa akiishona. Alinitazama mimi, si mjomba. Nikajua amekubali, na nikaona fahari kwamba ukoo wangu una watu wanaokumbuka fadhila.

Hapo ndipo tulipopotea, na hatukupotea peke yetu. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mfanyabiashara wa samaki wakavu, anayeleta mzigo kutoka Sudi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alitoa hati yake kwa ajili ya mkwewe. Mwalimu wa madrasa alitoa yake kwa ajili ya mdogo wake. Mjane wa pale juu alitoa ya marehemu mumewe kwa ajili ya mwanawe. Wote ni watu wasiogusa riba, na wote walijiambia maneno yaleyale: mimi sikukopa, nimesaidia. Mtaa haukuwa na mkopaji hata mmoja, ulikuwa na wasaidizi watupu. Benki nayo haikuuliza nani ana dhambi. Iliuliza nani ana hati.

Tulikwenda kusaini ofisini kwa wakili, asubuhi, baba akiwa na kofia yake ya Idi. Hati aliibeba ndani ya mfuko wa nailoni, imeambatana na cheti chao cha ndoa kwa sababu vilikaa pamoja miaka yote na hakuona sababu ya kuvitenganisha. Makaratasi ya mkopo yalikuwa ya Kiingereza, mengi, yamebanwa kona. Afisa wa benki, kijana mpole, akauliza kama tuna mtu wa kutusomea.

"Tunaye mwalimu," baba akasema, na akaninyooshea mkono namna ya mtu anayeonyesha nyumba yake.

Nikaanza kusoma na kueleza. Kurasa za mwanzo zilikuwa majina, mipaka ya kiwanja na nani ni nani, nikazimudu. Kisha nikafika kwenye ukurasa mmoja ambao sentensi yake ya kwanza ilianzia juu ikaishia katikati ya karatasi. Niliisoma kimoyomoyo mara mbili. Maneno niliyajua moja moja, yakikaa pamoja sikuyajua. Mjomba alikuwa ananitazama kwa tabasamu, kama anayesema, huyu ndiye niliyemsomesha. Baba alikuwa na kofia yake. Basi langu la Kilwa lilikuwa linaondoka saa sita, na kesho yake nilikuwa na mtihani wa kusimamia. Nikanyanyua kurasa mbili kwa pamoja, nikaendelea na iliyofuata, iliyokuwa nyepesi. Hakuna aliyesema kitu.

Baba alisaini. Sheria inataka mke aridhie, kwa hiyo afisa akamuuliza mama kama anaridhia nyumba iwekwe rehani.

"Ni kaka yangu," mama akasema. "Nitasemaje?"

Afisa akaandika kwamba ameridhia, akamsogezea kidau cha wino. Mama husoma msahafu vizuri kuliko mimi, lakini herufi hizi hazijui. Akabonyeza dole gumba. Nami nikatia sahihi pale nilipoonyeshwa, nikakimbilia stendi.

Vyumba vya mjomba vilikuwa vizuri, sitasema uongo. Tulikwenda kuviona vilipokamilika, mama akavua ndala mlangoni kwa kuogopa kuchafua. Milango ilikuwa bado na nailoni zake za dukani, na mjomba alikataza zisitolewe mpaka wenyewe waje. Nesi mmoja wa zahanati ya jirani alikuja kuulizia chumba, akataja kodi ya kawaida ya mji wetu. Mjomba akamcheka kwa upole. "Mwanangu, hivi ni vya watu wa kiwanda." Nesi akaenda zake. Miaka miwili baadaye mjomba alimtafuta mji mzima, na alikuwa ameshapanga kwingine, kwa mtu mwingine aliyejenga vyumba vya watu wa kiwanda akachoka mapema.

Maana kila mtu alijenga. Hilo hatukulitia kwenye hesabu. Siku moja darasani niliandika ubaoni swali: mji una wageni kadhaa wanaotarajiwa, kila mwenye nyumba akijenga vyumba vinane, vitabaki vitupu vingapi? Watoto wakaanza kuandika kwenye madaftari. Nikalifuta kabla hawajanipa jibu, nikawapa la mabomba na matangi.

Kiwanda kilikuwa cha mwakani. Mwakani ikifika, kilikuwa cha mwakani. Kibao chake kilichosimikwa njiani kilipauka mpaka herufi zikawa za kubahatisha, na watu wakafungia mbuzi kwenye nguzo zake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na marejesho hayangoji. Msimu wa kwanza mjomba alilipa kwa korosho. Msimu wa pili alilipa kwa korosho na ng'ombe. Msimu wa tatu ubwiri, ule ugonjwa unaomwagika kama unga kwenye maua ya mkorosho, ulikausha shamba lake, akauza na mikorosho iliyobaki. Baada ya hapo akija mjini alipita njia ya nyuma. Kicheko chake sikukisikia tena, na simu yake mara nyingi ilikuwa imezimwa.

Wa kwanza kutaka kuuza walidhani watauza kwa bei ile iliyokuwa ikitajwa. Wanunuzi wakawa wamekwisha. Madalali walirudi kwenye ndizi. Nilipita mtaani likizo ya Juni nikaona kitu ambacho sikukielewa mara moja: kuta zilizokuwa na maandishi mekundu ya HAIUZWI zilikuwa zimepakwa chokaa, na waliopaka ni wenye nyumba wenyewe. Hakuna aliyethubutu kuandika kwamba sasa inauzwa. Walifuta tu, wakakaa barazani kusubiri mtu aone ukuta umebaki mweupe.

Barua ya kwanza ya benki baba alinipigia simu nije nimsomee. Nilipomaliza akasema, "Mimi sikukopa, mwalimu. Nenda kawaeleze." Nikaenda. Yule kijana mpole alikuwa bado yupo, amenenepa kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungulia faili upande wangu, akaniacha nitazame dole gumba la mama. Hakunifokea. Ningependa angenifokea, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana na nikakosa pa kuanzia. Nilirudi nikamwambia baba kwamba wanalishughulikia. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili katika jambo hili.

Barua zilizofuata hakuniita nisome. Alizikunja akazitia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo na chaki. Aliendelea kushona, ila mama anasema alianza kushona vitu visivyoagizwa. Presha ilimpata asubuhi moja akiwa barazani, wakamkimbiza hospitali, akakaa siku mbili bila kusema. Nilifika kutoka Pande ameshafumba macho. Wazee wakaniomba nitafute mkasi wake wa kukatia sanda. Nilivuta droo, na notisi ya mnada ilikuwa juu ya mkasi.

Kukopa arusi, kulipa matanga. Nimeufundisha msemo huo darasani kama msemo tu, wa kujazia nafasi iliyoachwa wazi.

Mjomba alikuja kuzika. Alikaa mwisho wa jamvi, hakula, na watu walimpa mkono wa pole wakitazama kwingine. Mama akaingia chumbani kuanza eda. Mke aliyefiwa hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi. Nilipomweleza habari ya notisi hakulia wala kumlaani mtu. Alisema, "Sitaki nyumba, mwanangu. Nataka nimalize eda ya baba yako humu ndani. Nikimaliza, waje wachukue." Hilo ndilo jambo pekee aliloniomba tangu nizaliwe. Nikamwambia, "Utamaliza, mama." Nikaenda benki kuomba siku, nikaambiwa tangazo limeshatoka, tarehe haibadiliki.

Gari la dalali wa mnada lilipita Jumamosi asubuhi na vipaza sauti vyake. Lakini siku iliyotangulia, baada ya swala ya alasiri, wanaume wa mtaa walikuwa wameshakubaliana, na sikuwaomba. Walikuja wote. Walijaa mbele ya baraza, waliosimama na waliochuchumaa, na dalali akafurahi kuona watu. Akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akaishusha. Kimya. Akashusha tena, akajaribu mzaha, hakuna aliyecheka.

"Jamani, hata wa kuanzia hakuna?"

Mzee wa samaki wakavu akamjibu taratibu. "Mwanangu, humo ndani mna eda."

Dalali akatazama dirisha lililofungwa, akatazama umati, akakunja makaratasi. Gari lilipoondoka wanawake walipiga vigelegele vya chini chini uani, wakanyamaza wakikumbuka kuna msiba. Nilimshika mkono yule mzee nikalia. Nilijua nimetimiza ahadi yangu kwa mama. Siku ile niliipenda Lindi kwa moyo wangu wote.

Mnada wa pili ulifanyika wiki chache baadaye, na watu wetu wakaja tena, wakanyamaza tena. Safari hii kulikuwa na mtu mmoja wa mbali, aliyevaa miwani ya jua, aliyekuwa ameshanunua nyumba mbili mteremko uleule kwa namna hiyohiyo. Alitaja bei ya chini kuliko ile aliyoshushia dalali mara ya kwanza. Hakukuwa na wa kumzidi. Akapewa.

Halafu ikaja barua ambayo niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma upya. Nyumba imeuzwa, ilisema, lakini haikufikia deni. Lililobaki bado liko kwa mkopaji. Kimya chetu kilikuwa kimemfanyia mnunuzi punguzo. Majirani walidhani wasiponunua, nyumba itabaki. Kumbe wasiponunua, itauzwa rahisi, na mwenye deni atalipa hata ile tofauti. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alinifuata baadaye, hanitazami usoni. Alisema alikuwa na pesa zake za kiinua mgongo. Alitaka kuinunua kwa bei ya haki na kumwacha mama akae. "Niliona aibu," akasema. "Watu wangesema nimenunua nyumba ya mjane akiwa edani." Nashindwa kuwalaumu, na nashindwa pia kuacha kuwalaumu. Walitupenda wakatuumiza, na ingekuwa kwa wengine wangefanya vivyo hivyo, na walifanya, kwa mjane wa pale juu na kwa mwalimu wa madrasa.

Mnunuzi alitaka nyumba yake. Eda ilikuwa imebakiza siku ishirini na nane. Nilimwomba, akasema amenunua nyumba, hakununua eda. Shehe akasema hii ni dharura, mama anaweza kuhama na eda yake ikasihi. Mama akasikiliza nyuma ya pazia, akauliza ahamie wapi. Nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga Pande, safari ya nusu siku.

Mjomba ndiye aliyekuja. Alisimama uani, karibu na ngazi ya jikoni, kofia mkononi. Hakusema kwa Kimwera. "Dada," akasema, "vyumba viko vitupu."

Benki haikuwa na haja na nyumba ile ya mjomba isiyo na hati. Ilikuwa bado imesimama kule njia ya kiwanda, madirisha yake ya aluminiamu yana vumbi, popo wameingia darini. Tulimhamisha mama kwa gari lililofungwa vioo, amejifunika, hakuona mji na mji haukumwona. Akawekwa chumba namba tatu. Nilibandua nailoni ya mlango kwa kucha zangu, ikatoka vipande vipande, ilikuwa imeoza kwa jua. Vyumba vile vilivyojengwa kwa nyumba yake vilipata mpangaji wa kwanza, naye ni yeye.

Alimaliza eda yake pale. Siku iliyofuata akatafuta chuma cha vitumbua, akaanza kukaangia watoto wa shule ya jirani. Mwisho wa mwezi alimwita mjomba akampa noti zilizofungwa kwenye leso. "Kodi yako, kaka." Mjomba alikataa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akalia kama mtoto. Mama akamwambia maneno machache kwa Kimwera. Mimi nakielewa kidogo. Alimwambia, "Ada ya mtoto hukuniacha nikatae." Mjomba akapokea. Kila mwezi anapokea, na kila mwezi anapeleka benki, kupunguza lile deni lililobaki. Mama yangu anakaanga vitumbua kulipia nyumba anayokaa mtu mwingine, na nikijaribu kumpa pesa zangu anasema nitunze, siku yangu itakuja.

Likizo iliyopita nilimkuta amekaa kwenye marumaru anachambua mchele, mlango wazi. Tulizungumza habari za mvua. Kisha bila kuinua uso akauliza kama yale makaratasi ya benki bado ninayo. Nikasema ninayo nakala, imo kwenye begi. Sikumwambia kwamba huwa natembea nayo.

"Ilete unisomee ule ukurasa."

"Ukurasa gani, mama?"

"Siku ile ulifunua mbili pamoja. Nilikuwa nimekaa kando yako, mwanangu. Kusoma sijui, kuhesabu najua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akapuliza pumba pembeni ya ungo. "Baba yako alikuwa amefurahi. Na basi lako lingekuacha."

Nikaleta makaratasi. Sentensi ile ndefu ilikuwa palepale, inaanzia juu inaishia katikati. Safari hii nilielewa kila neno. Nilimweleza polepole: kwamba mkopaji akishindwa, benki itauza nyumba ya aliyetoa hati bila kumuuliza tena, kwamba itauza kwa bei itakayopatikana, kwamba ikiuzwa na isitoshe, lililobaki litalipwa vilevile. Alisikiliza ameacha mchele. Nilipofika mwisho akanyoosha kidole, akaonyesha chini kabisa ya karatasi ya mwisho, pale penye dole gumba lake na mwandiko wangu.

"Na hapo pameandikwa nini?"

"Hapo ni sahihi yangu, mama."

"Juu yake."

Nikamsomea. Palikuwa pameandikwa kwamba mimi, niliyetia sahihi, nimemsomea mama huyu makaratasi haya yote na kumweleza kwa lugha anayoifahamu, naye ameyaelewa.

Mama akatikisa kichwa kidogo, akavuta ungo.

"Haya," akasema. "Sasa nimeelewa."